Mtu wa Kumi

Ijumaa ile, kabla mambo hayajaharibika, mama alinituma nikusanye maganda ya vitunguu. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, sisi Wayahudi ambao wazee wetu walitoka kisiwa cha Rhodes kuja kuuza vitambaa Katanga. Siku ya Sabato hatuwashi moto, kwa hiyo mayai ya Jumamosi huwekwa Ijumaa kabla jua halijazama, pamoja na maganda yale, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Yanachemka taratibu mpaka asubuhi yawe ya kahawia. Mlinzi wa makaa alikuwa Papa Ilunga, mpishi wetu. Mtu mzima, ana mke na watoto, na sisi nyumbani tulimwita boi. Neno hilo nalitaja mapema kwa sababu bado linaniuma.

"Rebeka, usifunue sufuria," aliniambia. "Mayai inapenda kuachwa."

Jumanne iliyofuata mizinga ilianza, vita vya Katanga kujitenga na Kongo.

Tulijifungia stoo, watu wa nyumba tatu, katikati ya majora ya vitambaa. Siku ya tatu babu alifariki. Hakuguswa na risasi. Moyo ulisimama tu, nadhani ulichoka kuogopa. Wanaume walichimba kaburi uani, wakiinama kila mlio uliposikika.

Kwetu, sala ya kumwombea marehemu, Kadishi, haisomwi mpaka wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi. Stoo ilikuwa nao tisa. Wa kumi angekuwa mzee Bohor, fundi saa, mitaa miwili mbele.

Baba hakumwambia Ilunga, aliyesimama mlangoni, aende. Alimtazama tu.

"Bon, patron, mi naenda," Ilunga akasema. "Najua njia ya nyuma."

Alivua aproni, akaikunja, akanipa nimshikie.

Risasi zikalia upande wa soko.

Zikanyamaza.

Tulingoja.

Baadaye tulijua kwamba Bohor alikuwa ameshavuka mpaka siku mbili kabla. Nyumba yake ilikuwa tupu. Mke wa Ilunga alimkuta kando ya mtaro, amekufa kwa risasi, akaja kutuambia, Véro, kitinda mimba wake, akiwa mgongoni. Mama yangu alimpa jora zima la kitambaa. Ndilo tulilokuwa nalo, na mpaka leo nikilikumbuka naona aibu.

Brussels tulifika familia moja moja, miaka mingi baadaye. Sisi wa mtaa wa Etterbeek tulikuwa na wazee wasioweza kwenda sinagogi kwa miguu, na Sabato hatupandi gari. Basi mama akafungua sebule yake. Hatukuwa na rabi wala jina. Tulikuwa na viti vya kukunja, meza moja na mayai ya kahawia. Mwanangu Daniel alikulia chini ya meza ile. Wajukuu walikuja, wakajifunza Kiswahili cha matusi tu, tukawacheka. Mama alipokufa nikarithi viti na orodha ya simu. Ijumaa nampigia kila mtu, napika, napanga sebule, ingawa kwa desturi yetu mwanamke hahesabiki katika wale kumi. Ilunga naye hakuhesabika, na alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

Kabla ya kufa, baba aliomba kitu kimoja: kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na siku aliyouawa Ilunga, asomewe Kadishi. Tumefanya hivyo bila kukosa. Véro, ambaye naye alihamia Ubelgiji na sasa ni bibi mwenye mvi, hutoka Berchem kuja kusikia jina la baba yake likitajwa.

Mwaka huu alifika mapema, akaketi kwenye kiti cha mama. Watu wamepungua. Wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao, na wengine siku hizi wanaogopa kuonekana wakiingia kwenye sala ya Kiyahudi. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu tangu Ijumaa: tisa, na Daniel wa kumi. Aliahidi kutembea kutoka Auderghem, mtaa wa jirani.

Saa nne, wanaume tisa. Saa tano, tisa. Simu ilikuwa pale juu ya kabati, nami Sabato siigusi. Nilisimama dirishani, nikarudi, nikasimama tena. Saa sita wanaume wakaanza kukunja shali zao za sala, bila kunitazama.

"Yaya," Véro akaniita, ndivyo Katanga tunavyomwita dada mkubwa. "Kuko nini?"

"Unisamehe, Véro. Tuko tisa tu. Mwaka huu hatuwezi kusoma."

Alikuwa akimenya yai. Akaliweka chini.

"Donc papa alikufa juu ya kutafuta muntu wa kumi," akasema polepole, "na mupaka leo hamuyamupata."

Nilimletea koti lake, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi. Sikujua hata kama nimshike mkono.

Sabato ilipokwisha nilimpigia Daniel. Hakuwa mgonjwa, wala hakupatwa na lolote njiani. Alisahau tu. Aliomba radhi sana, nami nikamwambia si neno, kisha nikafungua droo nikaitazama ile aproni ya Ilunga. Babu alimkosa mtu wa kumi kwa sababu ya mizinga. Ilunga amemkosa kwa sababu tumesahau.