Kikuba Wodini

Juzi nilipanga foleni hospitali hapa Nizwa, nyuma ya bibi mmoja wa Kiunguja aliyekumbatia kitambaa kibichi. Muuguzi wa zamu, Mchina, alikifunua. Ndani mlikuwa na kikuba cha kuvaa kifuani: asumini, rehani, na mawaridi yaliyoteremshwa alfajiri ile kutoka mlima Jabal Akhdar.

"Mamnuu, mama," alisema kwa Kiarabu cha kujikongoja. "Maua hayaingii wodini."

"Mwanangu bi harusi," bibi akamjibu. "Fungate haijesha, kidole tumbo kikamleta kwenu. Bi harusi gani hana kikuba?"

Muuguzi aliinama, akanusa, akafumba macho. Kisha alifungua utepe mwekundu nyweleni mwake, akaufunga kwenye kikuba taratibu, kama anayemvalisha mtoto mchanga. Kwao, alisema, maua yakianza kuchanua wanawake hufunga tepe nyekundu kwenye matawi, kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa maua. Akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe, akaingia nacho wodini.

Mimi mdomo wangu hauna pazia. "Bibi," nikamwambia, "taabu yote hii, na jioni kitakuwa kimeshanyauka!"

Alinitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Ndiyo maana nimekuja mbio, baba. Kingekuwa cha kudumu, ningekuja Ijumaa, kwa nafasi yangu."

Kwangu kuna maua ya plastiki juu ya televisheni. Hayajanyauka hata siku moja, wala sijamwona mtu akiyakimbilia.