Rangi ya Maziwa Yetu

Mama Dorkas wa Mandewa ameuza maziwa maisha yake yote. Nyumba yake imejengwa na ng'ombe, na hilo hachoki kulisema. Ndiyo maana, kabla ya kupanda basi kwenda Kiomboi kumuuguza dada yake, alimwagiza fundi Gervas: "Sebule ipake rangi ya maziwa yetu." Sisi majirani tulimshauri aseme krimu kama watu wengine. Mbishi yule, hakusikia.

Aliporudi alifungua mlango akaganda, mzigo ukiwa bado kichwani. Ukuta wa kushoto ulikuwa bluu. Wa kulia ulikuwa kijani. Makochi yote yalikuwa yamesukumwa katikati.

"Gervas, nini hiki?"

"Shikamoo, mama. Maziwa yetu hayo. Huku Ziwa Singidani, huku Ziwa Kindai."

Mwanamke huyu aliwahi kumfukuza mteja hadi barabarani kwa kusema maziwa yake yana maji. Siku hiyo alitua mzigo, akakaa kwenye kochi, akapandisha miguu juu kama anayeogopa kulowa.

"Leo," alisema hatimaye, "yametiwa maji kweli."