Ndama wa Ngozi

Watu hupenda kuyaweka mambo ya aina hii usiku, kana kwamba giza ndilo shahidi wao mkuu. Haya yangu yalitokea mchana, jua likiwa wazi, nami nikiwa na macho mazima na mwili usio na homa. Nimeyasimulia mara chache tu, kwa sababu kila nifikapo mahali fulani msikilizaji hufunika mdomo kwa kiganja chake. Huenda nawe ukafanya hivyo. Lakini niamini: sikuongeza neno.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu karibu na Ibadakuli, na nilikuwa nimekwenda likizo kwa mama yangu, upande wa Kahama. Nyumba niliikuta na msiba. Dada yangu alikuwa amefariki kwa uzazi, akaacha kichanga cha kike kilichoitwa Kabula. Maziwa ya mbuzi yalimwendesha tumbo, uji aliutema. Kulia kwake kulikuwa kumekwisha kupungua, na mtu yeyote aliyewahi kulea anajua kwamba kichanga kisicholia kinatisha kuliko kinacholia.

Mama akaniambia, "Marehemu baba yako aliacha ng'ombe kwa Luhende, kule Ushetu. Nasikia anakamuliwa. Kamlete, mwanangu, kabla hatujachimba kaburi la pili."

Inafaa nieleze. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa marafiki walio mbali, ili maradhi yakipiga huku, mbegu ibaki kule. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe, na siku akimtaka humchukua. Ndiyo maana nilikwenda bila wasiwasi.

Marehemu baba alikuwa akimsifu Mzee Luhende kwa unene wake na kwa kicheko chake. Mtu niliyemkuta mlangoni alikuwa na kicheko tu. Ngozi ya shingo ilining'inia kama mfuko uliomwagwa nafaka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani hata meno yalichoreka kwa nje. Mji wake ulikuwa mtupu. Wake zake, alisema, walikuwa wamerudi kwao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu! Baba yako alikuja hapa na fimbo, wewe umekuja na kalamu. Ng'ombe utamswaga kwa wino?"

Nilimweleza habari ya kichanga. Nilitazamia ubishi, kwa maana mtunzaji hamwachi ng'ombe wa maziwa kirahisi. Yeye akanishika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa na ubaridi wa chura.

"Mchukue leo. Hata sasa hivi! Ila bila mtoto wake hatoi hata tone. Itabidi umchukue naye."

Akaingia chini ya upenu, akatoka amekumbatia ndama wa ngozi.

Kitu chenyewe si cha ajabu kwa wafugaji. Ng'ombe wetu wa asili hateremshi maziwa asipomwona mwanawe. Ndama akifa, watu humchuna, huijaza ngozi nyasi kavu, huishona tumbo, huipaka chumvi na kumsimamishia mama yake. Mama huramba, hudanganyika, hukamuliwa. Hata watoto wanaofinyanga ng'ombe wa udongo mtoni huongeza kandokando ndama mmoja asiye na macho, wakasema huyu ni wa ngozi. Nami nilifinyanga wa namna hiyo nilipokuwa mdogo. Kwa hiyo sikushtuka. Nilichukizwa tu, kwa sababu huyu alikuwa na unyevunyevu. Ngozi kavu hunuka vumbi na chumvi. Hii ilinuka kwapa la mgonjwa. Manyoya yalikuwa yamelala kwa utelezi, na katika mshono wa tumbo inzi walikuwa wamesongamana, hawaruki hata walipoguswa.

"Amekufa lini ndama huyu?" niliuliza.

"Zamani kidogo."

"Na hajakauka?"

"Mwalimu, mimi ndiye unayemfundisha ufugaji?" Akacheka, akamweka ndama mbele ya ng'ombe, akachuchumaa kukamua.

Ng'ombe aliramba. Maziwa yaliteremka kwa wingi ambao sijapata kuuona kwa ng'ombe wa kienyeji. Nikaona, na ninasema nikaona, koo la ile ngozi likipanda na kushuka, kama koo la anayemeza. Nilijiambia ni ulimi wa ng'ombe unaoisukuma. Mtu hujiambia mengi akiwa na haja, sivyo? Mzee akanipa kibuyu, na kwa mfugaji kuyakataa maziwa ni kumtukana. Nikanywa. Yalikuwa mazito, yenye chumvi ya jasho. Na jasho lile halikuwa la mnyama.

Nilimswaga ng'ombe kutwa nzima, ndama wa ngozi nikiwa nimemfunga mgongoni kwa shuka. Alinichuruzikia. Shati liliganda kwangu mpaka kiunoni, na joto lilitoka kwake likaingia kwangu, nami nikalisingizia jua.

Mama alifurahi hata akapiga vigelegele peke yake. Kabula alinyonya maziwa yale kwa pupa, kibuyu kwa kibuyu. Lakini siku zilivyokwenda alizidi kukonda. Mbavu zake zilihesabika kwa jicho.

"Mtoto anakunywa kama shimo la mchanga," mama alisema. "Mbona hakuna kinachobaki?"

"Labda tumbo bado halijazoea, mayu," nilimjibu mama.

Ndama wa ngozi tulimweka ndani ya nyumba, mbwa wasije wakamrarua. Ngozi yake ilikuwa imetanuka hata nyuzi za mshono zikaanza kukatika. Mama alimshona upya kwa kamba za katani, akiguna. "Nyasi zimevimba kwa unyevu," alisema. Alipomaliza aliosha mikono, akainusa, akaiosha tena.

Adhuhuri moja mama alikwenda kisimani. Mimi nilikuwa nje nikirekebisha uzio wa zizi. Nikasikia sauti ya kunyonya, ya polepole, yenye mate mengi. Nikafikiri, nani anamnyonyesha mtoto?

Niliingia. Ndama tuliyekuwa tukimsimamisha penye ukuta alikuwa amelala kwenye mkeka, kando ya Kabula. Hakuna aliyemweka pale. Mdomo wake, ambao wachunaji walikuwa wameushona, ulikuwa umefunguka uzi, na umefunika mdomo na pua ya mtoto. Maziwa yalikuwa yakirudi. Niliyaona yakitoka kinywani mwa kichanga na kuingia katika ile ngozi, na koo likipanda na kushuka, na tumbo likijaa. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa akinitazama.

Nilimvuta mtoto, na midomo yao iliachana kwa uzi mrefu wa ute. Nikachukua kisu cha kuchinjia, nikapasua mshono.

Ndani hamkuwa na nyasi. Mlikuwa na maziwa yaliyoganda, ya moto, ya rangi ya usaha, na ndani yake kucha za mtu mzima, nywele nyeupe za mzee, na juu kabisa, zikiwa bado mpya, nywele laini za kitoto. Vilimwagika juu ya miguu yangu. Nilitapika papo hapo, na matapishi yangu na uchafu ule sikuweza kuvitofautisha.

Tuliichoma ile ngozi nyuma ya nyumba. Ng'ombe alilia mara moja, kiwele chake kikanywea, na tangu hapo hakutoa kitu. Jirani yetu Mama Shija, aliyekuwa bado ananyonyesha, akamchukua Kabula bila kuuliza, akasema, "Leteni huyo. Titi moja la mwanangu, moja lake." Ndivyo alivyopona.

Baada ya mavuno nilirudi Ushetu. Nilimkuta Luhende ameketi mlangoni, amenona, shingo imejaa.

"Mwalimu! Kichanga kizima?"

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua kwamba ananinyonya, na kwamba nakufa. Wewe ungekuwa ni mimi ungefanyaje?"

"Nilikuambia ni kwa ajili ya mtoto mchanga!"

"Basi si ndiyo nafuu? Mimi nilikuwa nimebaki mifupa, yeye ana nyama laini." Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza malisho. Kisha akanisogezea bakuli la maziwa, akafuta ukingo wake kwa dole gumba. "Kunywa, usinune."

Nyuma yake, chini ya upenu, ilining'inia ngozi nyingine ndogo, mshono ukiwa mbichi.

Akayafuata macho yangu. "Huyo ataondoka na mwenye ng'ombe mwingine, kabla hajanizoea."

Nilitapika mbele ya mlango wake. Alicheka kile kicheko alichokipenda baba yangu, akamwita mbwa aje kuramba.

Kabula sasa ni mtu mzima, mwenye nyumba yake. Maziwa hayanywi, nami siyanywi. Lakini hilo ni dogo. Akipita karibu na kundi la ng'ombe, majike huacha kula. Humgeukia wote pamoja, humwita kwa ile sauti ya chini wanayomwitia ndama, na maziwa huwachuruzika yenyewe, yakalowesha vumbi. Wachungaji hushangaa. Yeye hushusha khanga usoni na kuharakisha, na mimi, niliyemlea, hutazama kando.

Kwa hiyo nakuomba. Ukikaribishwa maziwa katika zizi ambalo ndama wake ni wa ngozi, usione haya kumgusa tumbo kwanza. Akiwa baridi, kunywa, umshukuru mwenyeji. Akiwa na joto, weka kibuyu chini uondoke, wala usiage.