Msimu wa Pili wa Mama

Mvua ya mwisho wa Februari iliponyesha juu ya zege lililochomwa na jua mchana kutwa, ua wetu wa Penrith, magharibi ya Sydney chini ya milima, ulitoa harufu ambayo mama hakuwa na uwezo wa kuipinga. Ilikuwa harufu ya vumbi lililolowa, ya majani makavu na moshi wa mbali, na ilipomfikia jikoni aliacha vitunguu viungue, akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma akiwa ameinua pua. Watu wengine wakiinusa harufu hiyo hukimbia kuanua nguo. Mama aliziacha sare zetu za shule zilowe kwenye kamba ya kuanikia inayozunguka juu ya nguzo, akavuta pumzi ndefu, akatangaza kwamba wakati wa kupanda umefika. Baba, aliyekuwa amerudi kutoka zamu yake katika ghala moja la Smithfield, alifungua jicho moja pale kwenye kochi, akalifumba tena. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na ndimi niliyekuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo nilijua papo hapo jembe la pili lingekuwa la nani.

Ili umwelewe mama, lazima ujue alikotoka. Katika milima ya Kivu ardhi haipewi likizo. Watu hupanda Septemba mvua zinapoanza na kuvuna mwaka unapokwisha, kisha Februari hupanda tena na kuvuna kuelekea Juni. Mama aliamini jambo hilo kama alivyoamini kwamba maji huteremka. Septemba iliyotangulia, mwaka wetu wa pili Australia, alikuwa amepanda maharagwe ya kutambaa kando ya uzio, na Sydney, bila kujua kwamba inafanyiwa mtihani, ikamtolea maganda yaliyojaa mpaka Krismasi. Akahitimisha kwamba udongo wa hapa umeutambua mkono wake. Mbegu alizihifadhi ndani ya chupa ya jemu juu ya friji, na hatukuruhusiwa hata kuitikisa.

Hayo yangebaki mambo ya uani kwetu kama asingesimama kanisani. Tulikuwa tukisali na Wakongo wenzetu katika ukumbi wa kukodi kule Granville, na mwanzoni mwa Machi kiongozi wa akina mama alikumbusha kwamba sikukuu ya mavuno itafanyika mwishoni mwa Mei. Nyumbani, siku hiyo kila mtu huleta mbele ya madhabahu kile alichokitoa shambani. Hapa watu walileta mananasi ya dukani na mifuko ya mchele yenye bei bado juu yake. Mama akanyanyuka, akamshukuru Mungu kwa kirefu, kisha akaahidi kwamba mwaka huo atalilisha kanisa zima kwa maharagwe mapya ya mkono wake mwenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Mama Furaha, aliyekuwa ametutangulia Sydney kwa miaka mingi na hakupenda tusahau, aligeuka kwenye kiti chake akatabasamu. "Mama Bahati," akasema, "hapa maharagi inatokaka Coles." Bahati ni mimi, na Coles ni duka kubwa la vyakula. Kicheko kilichofuata kilikuwa kidogo, lakini mama alikibeba kwenye treni mpaka Penrith. Ahadi ni deni, na ahadi iliyotolewa mbele za Mungu na mbele ya Mama Furaha ni deni mara mbili.

Tatizo ni kwamba kila kitu bustanini kilikuwa kimeanza kuaga. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia tuchunguze dalili za majira kubadilika, na mimi, mtoto wa kupenda kusifiwa, nilichunguza kwelikweli. Asubuhi nilipokanyaga ngazi ya nyuma bila viatu, saruji iliyokuwa moto tangu Desemba ilikuwa baridi kama sufuria iliyosahauliwa. Nyenje waliokuwa wakitupigia kelele mpaka tunashindwa kusikia televisheni walikuwa wamenyamaza, na mahali pao wakaingia chenene wa jioni, wapole, wa kupokezana. Buibui wakubwa walikuwa wakitanda nyuzi zao kati ya uzio na kamba ya nguo, sawasawa na uso wa baba, naye kila alipotoka kwenda kazini alizipokea na kuanza siku akijipangusa. Majani ya maboga yaliota unga mweupe. Jua lililokuwa likipiga chumba chetu mpaka wakati wa chakula cha jioni lilianza kuishia kwenye pazia. Na ng'ambo ya uzio, kwenye mzabibu wa jirani, niliona jani moja lenye ukingo mwekundu, kisha siku chache baadaye matawi mazima.

Jirani huyo alikuwa mzee kutoka Malta, na kwa heshima mama alimwita Papa Joe. Siku tuliyoanza kulima aliegemea uzio akatutazama kwa huruma, kisha akaniomba nimwambie mama kwamba amechelewa, baridi inakuja, maharagwe ya kutambaa hayatakauka kabla ya Juni. Nilimtafsiria mama kwa Kiswahili changu cha kukwamakwama, nikaongeza la kwangu kwa Kiingereza, maana sisi watoto tulisikia Kiswahili lakini midomo yetu ilikuwa imeshahamia: "Mum, it's nearly autumn," yaani majira ya majani kupukutika yako mlangoni. Mama hakuinua kichwa. "Umuambie Papa Joe, kwetu tunapandaka mara mbili. Umuambie aksanti." Nikapeleka ujumbe. Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye zeituni zake.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mama alikuwa na jibu kwa kila wingu. Majani mekundu ya mzabibu? Papa Joe hajui kumwagilia, majani yameungua. Unga kwenye maboga? Vumbi la wale wanaojenga nyumba mtaa wa pili. Buibui? Buibui akijenga nyumbani kwako, kuna mgeni njiani, na kweli Jumamosi hiyo akaja shangazi kutoka Blacktown, akala, akalala, na mama akanitazama kwa ushindi. Saruji baridi aliniambia ni miguu yangu, nile vizuri. Baba, alipoulizwa maoni yake, alijibu kwamba yeye kazi yake ni kuendesha mashine ya kuinulia mizigo, mambo ya mimea yana wenyewe. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa yao kudumu.

Mbegu za kwanza zilizolewa na mvua kubwa, na zilizobaki zikaliwa na konokono. Mama akapanda upya katikati ya Machi, akihesabu mbegu zilizosalia kwenye chupa kwa kuzigusa tu na kidole. Zikaota, zikaparamia miti tuliyoisimika, zikatoa majani mapana, na kwa muda nilianza kuamini kwamba dunia ingemtii. Kisha Aprili saa zote za nchi zikarudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka baridi inapokaribia. Jumapili ile saa ya ukutani, tuliyosahau kuigusa, ilitufikisha kanisani saa nzima mapema, tukakaa nje ya ukumbi uliofungwa tukiwa tumevaa vizuri bila mtazamaji. Mama hakukasirikia kanisa. Alikasirikia serikali, iliyoamua kwamba giza liingie mapema bila kuyaambia maharagwe. "Mimea haiko na simu," alimwambia baba. "Itajuaje?" Baba alisema atauliza kazini.

Mei ilipoingia, maganda yalikuwepo lakini mepesi na bapa, ukiyashika hayana kitu ndani. Ndipo redio ikatangaza kwamba pande zetu, chini ya milima, kutakuwa na umande wa barafu. Hapo nilimwona mama akifanya jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia. Alitoa mablanketi yote kabatini, na yalipokwisha akatoa yale ya vitandani mwetu. Akafunika maharagwe kwa shuka za maua, vitenge vyake viwili vya harusi, na ile mifuko mikubwa ya mistari tuliyokuja nayo nchini, kila kitu kikafungwa kwenye miti kwa mikanda ya baba. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, mtoto mmoja wa mtaani akapita kwa baiskeli akauliza kama tuna msiba, na baba akaenda kazini huku ameshikilia suruali yake kwa mkono. Maharagwe yalikuwa hai. Sisi tulikuwa tumelala wanne katika kitanda kimoja na shangazi, ambaye bado hakuwa ameondoka.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu, mama alitoka kwenda kukagua akiwa amevaa koti la baba la kazini, lile la rangi ya chungwa linalong'aa. Akapasua ganda moja. Akapasua la pili, la tatu. Ndani mlikuwa na vipunje vya kijani vidogo kama punje za pilipili. Nilisimama nyuma yake nikiwa na hofu, kwa sababu nilimjua Mama Furaha na nilijua lile tabasamu, na sikutaka mama yangu alipokee mara ya pili. Niliogopa pia kwamba angelia, na sikuwa nimewahi kuona hilo. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Ile majani ya zabibu ya Papa Joe niliiona. Tangu siku ya kwanza niliiona." Nikamuuliza kwa nini basi alipanda. "Kama hapa mwaka iko na msimu moja tu," akasema, "hii mikono nitaiweka wapi mpaka Septemba?" Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwonea huruma, na nilitamani kuwa na Kiswahili cha kutosha kumwambia. Akajipangusa magoti. "Leta beseni," akaniambia. "Beseni yote."

Tulichuma majani. Kwao milimani majani ya maharagwe ni mboga, machanga yale ya juu, laini, na kwa kuwa baridi ilikuwa imeyanyima maganda nafasi ya kukua, miti yetu ilikuwa imejaa majani kuliko kitu kingine. Baba alichuma, shangazi alichuma, na Papa Joe, aliyedhani tunang'oa kwa kukata tamaa, alipita getini kutufariji akaishia kupewa kikapu. Mama aliyachemsha, akayaunga kwa mafuta ya mawese, vitunguu na ndagala, vile vidagaa vikavu vya kwetu, mpaka madirisha yakatoka jasho. Kesho yake tulipanda treni na sufuria mbili zilizofungwa kwa kitenge, na behewa zima likatugeukia.

Pale Granville mama aliweka sufuria mbele, katikati ya mananasi, akakiri mbele ya watu kwamba maharagwe yamekataa. Mama Furaha akaanza kutabasamu. Kisha kifuniko kikafunuliwa. Harufu ilienda mpaka safu ya nyuma, na watu wakaanza kunyanyuka vitini, kwa maana katika duka lolote la Sydney, kuanzia Coles mpaka kwa Mhindi, huwezi kununua majani ya maharagwe, na wengine pale walikuwa hawajayaonja tangu walipokimbia nyumba zao. Mzee mmoja alikula amesimama. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na siku hiyo walikuwa wengi hasa. Mama Furaha alikula sahani yake macho yakiwa chini, na aliporudi mara ya pili alikuwa amelowa mashavu. "Mama Bahati," alimwambia taratibu, "mwaka kesho unipatie mbegu. Nami nichelewe kupanda."

Watu wa kanisani wamechelewa kupanda tangu siku hiyo. Ukipita nyuma ya nyumba za watu wetu mwezi wa Machi, kutoka Granville hadi Penrith, utaona maharagwe yanaota huku majirani wakitikisa vichwa. Mimi sasa nina ua wangu mwenyewe na simu inayoniambia joto la kila saa kwa siku kumi zijazo. Nazifahamu dalili zote, nyenje, buibui, saruji, na sijakosea majira hata mwaka mmoja. Mama hajawahi kuyapatia majira ya nchi hii, na kanisa zima limekula mkononi mwake. Bustani yangu mimi, iliyo sahihi kila mwezi, haijamlisha mtu. Wiki iliyopita niliona majani ya kwanza yakigeuka rangi kwa jirani, nikampigia mama simu kumwambia, nikijiona nimejua kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza nimepanda nini. Nikamwambia bado sijapanda kitu. Nikasikia upande wa pili akitafuta viatu vyake, akasema basi nisifunge geti.