Makwapa ya Kimulimuli

Waliotazama filamu ya kwanza ya Kimulimuli wanakumbuka mambo mawili: vazi lilikuwa zuri, na aliyelivaa hakuweza kuinua mikono. Kimulimuli ni shujaa ambaye viganja vyake huwaka anapovinyoosha juu ya kichwa, na wahalifu hutawanyika. Katika filamu ile mikono iliishia mabegani. Katikati ya pambano la mwisho, mtazamaji mmoja alipaza sauti, "Mwalimu, mruhusu aende msalani!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwigizaji akabandikwa jina la Mbao. Likamganda kama kupe.

Aliyeshona vazi hilo alikuwa safu ya nne, na hakucheka.

Ni mwanamke wa makamo, mwenye chumba cha ushonaji chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Wateja humwita Mama Vifungo, kwa kuwa kifungo alichokishona yeye hubaki hata kitambaa kikichakaa. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini kwenye cherehani: sare za shule, makoti ya ofisini, magauni ya harusi. Watu wote aliwapima kwa namna moja, wamesimama wima kama mlingoti, mikono pembeni. Mwigizaji naye akampima hivyo hivyo. Koti la ofisini halipigani na mtu. Hili lingepigana, naye hakuliwaza hilo.

Kosa lile lingesameheka. Lililomkaa rohoni ni jingine. Siku ya tatu ya kupiga picha, mwigizaji alimfuata akijishika ubavu.

"Dada, hapa kwapani pananibana."

"Nguo mpya hiyo. Ivae tu, itaachia yenyewe."

Mafundi wengi husema hivyo mteja akiwa mlangoni na kazi ya mwingine imeshakatwa mezani, na mara nyingi huwa kweli. Safari hii kitambaa kilikuwa kigumu, kimepakwa rangi ya kung'aa, hakikuachia hata uzi mmoja. Mwongozaji wa filamu ile alikuwa akimsifu fundi mbele ya watu kwa jinsi vazi lilivyopendeza kwenye bango, na kumfokea mwigizaji kwa ugumu wa viungo. Fundi alisikia yote mawili. Akajifanya anatafuta pini.

Miaka saba baadaye alikwenda kupima macho, akakuta dari ya chumba cha kusubiri inapakwa rangi. Mpaka rangi alikuwa juu ya ngazi, amempa mgongo, mikono imenyooka juu, brashi inakwenda na kurudi. Fundi alimtambua kwa mabega, aliwahi kuyapima: ni yule aliyeitwa Mbao. Akakaa kwenye benchi akiangalia saa ya ukutani. Dakika arobaini, mikono ile ilishuka kwa ajili ya kuchovya rangi tu. Alipoitwa ndani hakuweza kusoma hata herufi kubwa ya juu kabisa, maana machozi yalikuwa yamejaa, na daktari akamwandikia miwani mizito kuliko aliyoistahili.

Wiki iliyofuata alipigiwa simu. Mwongozaji mwingine, mwanamke kijana, alikuwa anamrudisha Kimulimuli. Hakutaka mwendelezo. Alitaka kuianza hadithi upya, kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kutengenezwa. Kitu kimoja tu angekibakiza: vazi, na fundi wake.

Usiku ule hakula. Mumewe, fundi wa redio, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka chini bisibisi.

"Ukisema, kazi umeikosa na jina umelichafua," alisema. "Kwani kuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo maana inanikaba."

Mume akageuza redio upande wa pili. "Basi kaseme. Ila usiniletee kilio hapa, nina kazi za watu."

Ofisini kwa mwongozaji, vazi la zamani lilikuwa limetandazwa mezani. "Hili ndilo lililonusurika," mwongozaji alisema. "Mengine yote nimeyatupa. Na yule Mbao, samahani, simtaki hata kwa dawa."

"Hakuwa mbao," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga."

Akaeleza vipimo, kitambaa, na lile jibu alilotoa. Mwongozaji hakumfariji wala hakumkaripia. Aliuliza, "Yuko wapi sasa?" na fundi alipomwelekeza, akatuma mtu.

Mpaka rangi alifika na madoa meupe kwenye nywele. Alilitazama vazi kama mtu anayeonyeshwa mbwa aliyemng'ata. Akalivaa. Mwongozaji akamwambia ainue mikono. Ikapanda hadi mabegani, ikagoma.

Fundi akainuka na mkasi. Alifumua mshono wa kwapa la kulia, kisha la kushoto, huku mtu yumo ndani. "Tena," akasema.

Mikono ikaenda juu moja kwa moja. Mpaka rangi aliiangalia kana kwamba ni ya mtu mwingine. Halafu akasogeza kiti, akapinduka nyumanyuma katikati ya chumba na kutua kwa miguu yote miwili, makwapa wazi, bila kuhema.

"Kumbe!" mwongozaji alisema.

Lakini mpaka rangi alikuwa anamtazama fundi. "Uliniambia itaachia."

"Nilikuambia."

"Mwezi mzima nilikuwa naamka alfajiri kunyoosha mabega. Nilidhani ni mimi."

Fundi aliweka mkasi mezani. Alisema samahani, ikasikika ndogo. Mpaka rangi akavua vazi, akalikunja vizuri, akatoka kwenda kumaliza dari yake. Siku ya tatu alikuja chini ya ngazi, akasimama mbele ya futi ya kupimia, akasema, "Pima."

Safari hii fundi alimpima akining'inia kwenye kizingiti cha mlango, akichuchumaa, akipanda ngazi mbili mbili huku wapangaji wakiuliza kama kuna moto. Chini ya kila kwapa aliweka kipande cha kitambaa chenye umbo la kishada cha kurusha angani, kinachofunguka mkono ukipanda na kujificha ukishuka. Alikishona na kukifumua mara tisa. "Panabana?" alimuuliza kila mara, na kila mara alisubiri jibu.

Filamu ya pili ni bora, na ubora wake hauko kwenye vazi peke yake. Mwongozaji aliondoa maroketi na mwana wa mfalme aliyeshuka kutoka nyotani. Kimulimuli wake ni fundi wa lifti anayeogopa giza. Umeme umekatika katika jengo refu, watu wamekwama, kebo inakatika uzi mmoja baada ya mwingine. Anaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, viganja vikiwaka, na kamera inamwangalia dakika nzima bila kukwepa.

Siku ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa Jumamosi alasiri. Dakika ile ilipofika, ukumbi ulitulia hata feni za darini zikasikika. Kisha mwanamke mzee, safu ya pili, akasimama.

"Mshusheni jamani, mwanangu atachoka!"

Watu walicheka, wengine wakifuta macho. Mwigizaji, aliyekaa kando yake, alimvuta mkono taratibu. "Kaa, mama. Nimeshuka zamani."

"Nyamaza wewe. Sijasema na wewe, nasema nao."

Nyuma ya fundi, msichana mmoja alimgusa bega. "Shangazi, huyo anayeshika kebo ni nani? Sijawahi kumwona."

Fundi alivua miwani, akageuka, akamtajia jina la mwigizaji na la baba yake, akayarudia polepole ili msichana ayashike yote mawili.