Wiki Tatu za Kugeuza Nyasi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, haikuwa na ajabu yoyote. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tatu, manyunyu yanadondoka, matope mpaka vifundoni, na mimi nimesimama mbele ya ofisi ya kijiji na daftari la mahudhurio mkononi, nikimwaibisha bibi yako mbele ya watu. Bibi mzaa baba yako, mama mkwe wangu, aliyenipokea nyumbani kwake mwaka huohuo.

Utaniambia nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sijafika hata thelathini. Ni kweli. Lakini wazee wa hapa kwetu wameambiwa mara nyingi mno kwamba wanarudisha maendeleo nyuma, mpaka wamenyamaza. Sasa wewe utakua, utakuta kimya, utadhani hakuna lililotokea. Basi nakuandikia mimi, kwa jinsi nilivyochoka, wakati umelala. Ukijua kusoma utasoma.

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini mwaka mmoja kabla. Nyumba zimepangwa mstari kama meno, mashamba ya zamani yamebaki mbali kule mabondeni, na katikati lipo shamba la kijiji, mahindi matupu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Sumbawanga mjini. Kijiji kizima, mwanamke aliyefika sekondari nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo nikafanywa karani. Kazi yangu ilikuwa kuita majina kila asubuhi. Aliyeitika anakwenda kupalilia mahindi ya kijiji. Asiyeitika siku tatu hapati chumvi wala sabuni kwenye duka la kijiji. Sikuitunga mimi sheria hiyo, ila niliipenda. Watu wazima walikuwa wananiamkia kwa jina la cheo: Ndugu Karani. Baba yako alikuwa Mbeya akijifunza useremala, anarudi likizo tu, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniambia nyumbani kwamba kichwa kimevimba.

Sasa uelewe jambo moja la udongo wetu, maana bila hilo huwezi kuelewa mengine. Huku juu miti ni haba, nyasi ndiyo mbolea. Mvua zinapokaribia kuisha, udongo ungali laini na nyasi ingali mbichi, unaikata nyasi kwa jembe pamoja na udongo wake, unaigeuza uso chini, unaifunika, unapata tuta la mviringo. Ndiyo ntumba. Nyasi inaozea humo ndani miezi yote ya kiangazi na baridi. Mvua mpya zikianza unavunja ntumba, unatawanya udongo, unapanda ulezi. Kazi ya kugeuza ina wiki tatu, nne ukibahatika. Ukizikosa, udongo unakauka na jembe linaruka kama limegonga bati, na mwaka unaofuata huna ulezi. Hakuna dawa nyingine. Mtoto wa miaka sita wa Kifipa analijua hilo.

Asubuhi ile wanawake kama ishirini walikuja ofisini, bibi yako mbele. Waliomba waachwe siku kumi tu wakageuze nyasi, halafu watarudi kwenye mahindi. Mwenyekiti alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa palepale, alijua wanaomba nini, lakini bwana shamba alikuwa amesema ntumba zinapoteza nguvukazi, na wakubwa walitazamiwa kuja kuliona shamba la kijiji halina gugu hata moja. Akanitupia mimi.

"Ndugu Karani amesoma," alisema. "Atawaeleza kitaalamu."

Nikawaeleza. Mwanangu, nilieleza vizuri sana. Nikasema ulezi ni chakula cha ndege na cha wanywa pombe. Nikasema mbolea ya chumvichumvi inakuja, mfuko mmoja unafanya kazi ya ntumba mia, na anayeinama kugeuza nyasi zama hizi anaturudisha kwa babu. Wanaume wakacheka. Nami nilipoona wanacheka nikaongeza.

Bibi yako alisubiri kicheko kiishe. "Hiyo mbolea umeiona?"

"Itakuja, Mama."

"Nimekuuliza umeiona."

"Sijaiona."

"Haya. Mimi nyasi naiona." Akachukua jembe lake akaondoka, peke yake, kuelekea bondeni. Wale wengine walisimama, wakatazama daftari, wakatazamana. Mmoja mmoja wakaenda kwenye mahindi. Walikuwa na watoto, chumvi ilikuwa inatoka dukani tu.

Siku ya tatu niliandika jina lake kwenye orodha ya wasiopewa. Tulikuwa tunakula chungu kimoja, mimi na yeye. Kwa hiyo tulikula mboga chapwa wote wawili, mwezi mzima. Siku moja, akinisogezea bakuli, alisema, "Karibu maendeleo, Ndugu Karani." Nilikasirika nikalala bila kula. Ujinga wa ujana una njaa yake.

Mahindi ya kijiji yalistawi mwaka ule, sitasema uongo. Tuliyavuna, tukayarundika kwenye ghala ambalo nusu ya paa ilikuwa bado, tukaambiwa lori liko njiani. Lori lilikuwa njiani mpaka mvua zikaanza. Lilipofika lilichukua ya juu. Ya chini yalikuwa yameota ukungu na kushikana kama tofali, na hayo tuliachiwa sisi. Mbolea nayo ilikuja, ikatukuta msimu uliofuata mahindi ya majumbani yameshatoa mbelewele. Watu waliibeba hivyohivyo wakaimwaga, wengine wakaitumia mifuko kutandika. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa na magunzi yasiyozidi kidole. Na ulezi haukuwepo, kwa sababu nyasi haikugeuzwa. Ulikuwepo kwa mtu mmoja.

Wahenga wanasema akiba haiozi. Naona waliusema msemo huo wakiwa wanatazama kihenge cha ulezi. Mahindi yana fukusi, muhogo una ukungu, ulezi utaufungua baada ya miaka mitatu uukute kama ulivyouacha.

Ukazaliwa wewe katikati ya hayo. Ilipofika mwezi wa kumi na moja ulikuwa na miezi minne, na mimi maziwa yalikuwa yanakatika. Kijiji kizima kilikuwa kimekula mpaka mbegu. Na hapa ndipo palipouma zaidi: mwaka ule wa pili tulikuwa tumeruhusiwa kugeuza nyasi, wakubwa wameshaona mahindi yao wakaridhika, ntumba zilikuwa zimejaa bondeni, zimeoza vizuri, zinasubiri. Mvua ya kwanza ikanyesha. Hapakuwa na cha kupanda. Mbegu ya kijiji kizima ilikuwa ndani ya kihenge cha bibi yako.

Alikuwa ameanza kuitoa, bakuli moja kwa kila nyumba, kwa wale waliokwisha kuvunja ntumba zao. Alikwenda kwanza shambani kutazama kwa macho. "Sikupi ya kula," alikuwa akiwaambia, "nakupa ya kupanda. Ukiila nitajua, mimi napita." Nyumba sita zilikuwa zimepata.

Mwenyekiti akaniita. Akaniambia mtu mmoja hawezi kugawa chakula cha kijiji kama chifu, ni unyonyaji, ulezi wote uletwe ofisini ugawiwe kwa utaratibu. Nikaandika barua. Maneno alinitamkia yeye, ila mwandiko ni wangu, mzuri, niliofundishwa shuleni na masista. Nikakufunga mgongoni nikarudi nyumbani na wanaume watatu.

Bibi yako alikuwa anapepeta. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Soma."

"Mama, ni kwa ajili ya—"

"Umekuja na karatasi. Isome."

Nikasoma mpaka mwisho. Aliwatazama wale wanaume, wawili kati yao alikuwa amewazalisha mama zao. "Mmechelewa," aliwaambia. "Ningejua mnakuja ningeupeta vizuri." Akawaonyesha mlango wa kihenge kwa ungo. Mimi ndiye niliyeshika mlango wakati wanachota. Debe la mwisho lilipotoka, chini lilibaki vumbi.

Wiki ikapita, hakuna mgawo. Nikaenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake kumkumbusha, nikapita uani. Uani palikuwa na majamvi mawili, na juu ya majamvi ulezi ulikuwa umelowekwa, umetandazwa, umeanza kutoa vijino vyeupe. Kimea cha pombe. Wageni kutoka juu walikuwa wanakuja, na wageni hawanyweshwi maji.

Wewe ulikuwa unalia mgongoni, kilio kile cha chini cha mtoto asiyekuwa na nguvu ya kulia. Mbegu ilikuwa inaota mbele yangu, mwanangu, juu ya jamvi. Kule bondeni ntumba zinanyeshewa bure.

Mke wa mwenyekiti alitoka na kata ya maji. "Karibu, mama karani. Ni kidogo tu hiki, kingine kipo ofisini."

Kilichokuwa ofisini kilikuwa debe tatu. Kiligawiwa kiganja kwa kiganja. Kuna waliopanda, kuna waliosaga usiku uleule, na siwalaumu. Zaidi ya nusu ya ntumba zilizokuwa zimegeuzwa kwa migongo ya wanawake ziliota magugu mwaka ule.

Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yako nilichokiona. Nilitegemea atapiga kelele, nilitaka apige kelele. Aliingia ndani, akafukua chini ya mafiga ya zamani, akatoa kibuyu. Ulikuwa ulezi. Akausaga mwenyewe kwenye jiwe, akapika uji, akauweka mbele yangu.

"Huu si wako," alisema. "Ni wa huyo uliyemfunga mgongoni. Wewe unaupitisha tu. Wewe bado sijakusamehe."

Nikanywa. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye uji nikanywa hivyohivyo. Akaendelea, taratibu, kama anazungumza na jiwe lake la kusagia.

"Bwana shamba simlaumu, hakuzaliwa huku, aliambiwa na yeye akaambia. Mwenyekiti ni mlafi. Alikuwa mlafi tangu anatambaa, nilikwishamzoea. Lakini wewe mama yako alikubeba hivyohivyo mgongoni akigeuza nyasi. Ulikuwa unajua. Ukaamua usijue, kwa sababu watu walicheka."

Hayo ndiyo maneno aliyonipa. Sijapata kusikia mengine yaliyokaa mahali pake namna ile.

Kesho yake nilirudisha daftari. Mwenyekiti aliniuliza, kwa upole tu, "Umechoka kazi, dada?" Nikamjibu nimechoka. Akampa mwingine siku hiyohiyo. Sikuwa shujaa, usije ukasimulia watu kwamba mama yako alikuwa shujaa. Niliacha baada ya hasara, na maji yakimwagika hayazoleki. Bibi yako alinisamehe mwaka uliofuata, nadhani, maana alianza tena kuniita kwa jina langu. Hakutamka. Mwenyekiti ni yuleyule mpaka leo. Kila mwezi wa tatu bado tunakwenda ofisini kuomba siku zetu, na sasa anayezungumza mbele ni mimi. Mwaka huu tuliomba kumi tukapewa sita. Tunageuza mpaka mikono inatoka malengelenge, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, kama walivyofanya mama zetu kabla hatujafundishwa neno la kufanya kazi pamoja.

Kwa hiyo sikia. Sikukatazi uongozi. Wewe utasoma kuliko mimi, na siku moja watakupa daftari, au muhuri, au ufunguo wa ghala. Chukua. Kijiji kisicho na kiongozi hakina barabara wala zahanati, na siwezi kukudanganya kwamba kila mtu na kihenge chake tungeweza kuishi. Umoja ni nguvu, wanasema, na wamesema kweli. Ila waulize nguvu hiyo wataipeleka wapi mwezi wa tatu. Utajiri wa watu wa hapa uko kwenye wiki zile tatu udongo ukiwa laini, kwenye mbegu, na kwenye mikono ya watu wanaojua wafanye nini. Kiongozi anayevichezea hivyo vitatu anaua njaa ya leo kwa kuzaa ya mwakani. Usipitishe amri juu ya kazi ambayo hujaifanya kwa mkono wako. Mbegu usiikusanye mahali pamoja chini ya mtu mmoja, hata akiwa mtu mwema, hata ukiwa wewe. Na mzee akikuuliza umekiona hicho unachotuahidi, kama hujakiona sema hujakiona, kisha kaa chini umsikilize. Watu wakicheka wakati unasema, jichunguze. Mara nyingi wanacheka kwa woga.

Zaidi ya yote, lile unalolijua usikubali kulisahau kwa sababu umepewa kiti.

Mungu akupe mgongo usiochoka upesi kama wangu, na mvua zinazojua kalenda. Akupe ulimi wa kusema mapema, kabla ya hasara. Ukila ushibe, na ukishiba usiwe peke yako. Lala sasa, mwanangu. Kesho ni zamu ya nyumba yetu, na nyasi ni ndefu.