Kipande cha Ini

Mtaani walimwita Cheche, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake: alichomelea mageti na vitanda vya chuma kwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Ya pili ni ulimi wake. Mteja akimwambia kazi ile si ya mwanamke, aliondoka na jibu la kwenda kulitafuna nyumbani.

Mdogo wake alipoharibikiwa na ini, madaktari wakasema ndugu akimpa kipande atapona, Cheche hakungoja kuombwa. Alipimwa, akafaa.

"Wewe nilikubeba mgongoni," alimwambia. "Kipande cha ini ni nini?"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mdogo mtu akaanza kurudiwa na rangi, akaanza kula, akaanza hata kuchagua chakula. Aliyekwama ni aliyetoa. Kila alichomeza Cheche, hata maji, kilikaa juu pale, kikamjaza, kisha kikarudi kilikopitia. Kwikwi zikawa hazikatiki. Wakampitishia mpira puani mpaka tumboni, ukawa unatoa maji ya kijani kwenye mfuko.

"Ini lako halina shida," daktari alimweleza. "Tulikata upande wa kushoto. Mfuko wa chakula umesogea pale palipobaki wazi, ukajishikiza, ukajikunja. Na hata kusukuma umesahau. Chakula kinaingia, ila hakishuki."

"Utakumbuka lini?"

"Siwezi kukudanganya. Tutakupa dawa, utatembea, tutasubiri."

Kusubiri angeweza. Kilichomshinda ni watu. Jamaa walifika na mahotipoti, wakapita mlangoni kwake wakimpungia mkono, haoo, mpaka wodi ya wanaume kumtazama shujaa. Harufu ya mchuzi ilibaki kwake, watu wakabaki kule. Wifi yake, mke wa mdogo wake, ndiye pekee aliyeingia, akasimama na mguu mmoja nje.

"Wifi, jikaze basi. Mwenzio kabadilishwa ini zima na anakula."

Cheche alimeza hasira, na hiyo nayo haikushuka.

Jioni moja alikuwa akijikokota kwenye korido, mkono mmoja kwenye mti wa dripu, mwingine umeshika mfuko wake wa maji ya kijani, kama manesi walivyomwamuru. Alipofika karibu na wodi ya wanaume akamsikia wifi akimnong'oneza shangazi yao, mnong'ono wa kusikika hadi getini.

"Alitoa kwa kinyongo. Kitu cha kinyongo humrudia mtoaji. Mnafikiri anatapika nini?"

Cheche akangoja sauti ya mdogo wake. Alisikia kijiko chake tu, kikigonga sahani. Kuna maneno ya kukata maini. Yeye ini lake lilishakatwa kwa kisu, na bado kimya kile kilipata pa kukata.

Akaingia. Shangazi akafunika hotipoti, sijui alidhani atalipora.

"Wifi, sina neno na wewe," Cheche alisema. "Hukuwepo huyu aliponiambia anaogopa kufa. Yeye alikuwepo." Akamgeukia mdogo wake. "Nilikupa kwa kinyongo?"

"Hapana, dada."

"Sema wasikie. Mdomo wa kula unao."

"Hakunipa kwa kinyongo," mdogo wake alisema, macho kwenye sahani. "Sikumwomba hata. Nilinyamaza kwa sababu... mlikuwa mnanihudumia vizuri."

"Ulishiba ukaniuza," Cheche akaanza, na kwikwi ikamkata katikati. Shangazi akaachia kicheko. Cheche akamtazama mpaka kikaisha, akageuza mti wake wa dripu, akaondoka polepole, kwa kuwa haraka alikuwa hana.

Tumbo halikuamka kwa ajili ya maneno hayo. Liliamka kwa wakati wake. Mpira ulikuwa ukitoa kidogo, halafu kidogo zaidi, na asubuhi moja Cheche akahisi kitu alichokuwa amekisahau: njaa. Nesi akauchomoa mpira, akampa uji, vijiko vichache. Cheche akaweka mkono tumboni, wote wawili wakaukodolea macho. Uji ukashuka. Cheche alilia, akasema ni sabuni ya wodi inamwasha macho.

Alirudi karakana kabla hajaruhusiwa kuinua chuma, akawa anakaa kwenye benchi akimfokea msaidizi wake. Wifi akaja kuomba radhi kwa niaba ya mumewe. Cheche akamrudisha. "Mwambie aje na miguu yake. Ini la kuitembeza analo."

Akaja. Alisimama kwenye mavumbi ya chuma, amenenepa mashavu.

"Dada, nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nina hasira, na nikikwambia sina nitakuwa nakudanganya." Akachota wali kidogo kwenye bakuli lake, alikuwa akila kwa vituo, kidogo kidogo. Mdogo wake hakuondoka. Alisimama vile vile juani hadi msaidizi akaona aibu akaenda kunywa maji. Mwishowe Cheche akajisogeza kando kwenye benchi bila kumtazama, na yule akakaa.